Mikono Mikavu ya Muuguzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Krimu za Mikono

Maswali haya hurudi kila wanapokutana manesi zaidi ya wawili, iwe katika hospitali zetu za Zanzibar kama Mnazi Mmoja, Kivunge na Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, au kituo kidogo cha afya cha shehia. Nimeyakusanya pamoja kwa sababu naona krimu ya mikono bado inahesabiwa kuwa ni urembo. Mkono uliochanika huchonyota, na mkono unaochonyota huogopa maji. Nesi anayeogopa kunawa atapunguza kunawa hata bila kukusudia, na anayeathirika ni mgonjwa. Kwa hiyo krimu ni kifaa cha kazi, sawa na glovu.

## Mambo ya msingi

Kwa nini mikono yangu inakauka na mimi naishi kisiwani, penye unyevu mwaka mzima?

Unyevu wa hewani hausaidii kitu ikiwa ngozi imepoteza mafuta yake yenyewe. Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama kuta za Mji Mkongwe: chembe kavu ndiyo mawe, na mafuta ya asili yaliyo baina yake ndiyo chokaa. Sabuni huondoa uchafu kwa kuyeyusha mafuta, nayo haibagui mafuta ya uchafu na mafuta ya ngozi. Chokaa ikimomonyoka, maji ya ndani hutoka, na sabuni, klorini na dawa hupata njia ya kuingia. Ngozi inahitaji saa kadhaa kujijenga upya, na wewe wodini unanawa tena baada ya dakika kumi.

Aina ya sabuni nayo ina sehemu yake. Ngozi ina uchachu kidogo, kiasi cha pH 5 (pH ni kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni chachu, juu yake si chachu), wakati sabuni ya mche au ya kipande hufika pH 9 hadi 10. Halafu kuna maji. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa. Sabuni ikikutana nayo huacha utando mweupe ambao, usiposuuzwa vizuri, hubaki kwenye mikono na kuendelea kuiwasha.

Zaidi ya hapo, siku ya muuguzi haiishii kazini. Nyumbani kuna vyombo, kuna kufua kwa sabuni ya unga, na kuna udhu. Ukihesabu yote hayo, utaona kwamba ngozi haipati nafasi ya kupumzika.

Losheni, krimu na marhamu vina tofauti gani?

Tofauti kubwa ni kiasi cha maji. Losheni ina maji mengi, hupakika haraka, na kinga yake huisha upesi. Krimu ina mafuta zaidi na hukaa zaidi. Marhamu, vaselini ikiwa mfano wake, ni mafuta karibu yote. Ndiyo inayolinda kuliko nyenzake, lakini huteleza na kunata.

Kwa mikono inayonawishwa mara nyingi, ninashauri kuwa na vitu viwili: krimu ya kawaida ya kutumia kazini, na marhamu ya usiku. Losheni nyepesi ya mwili haifai kwa kazi hii. Ukinawa mara moja imekwisha.

Nisome nini kwenye lebo?

Vilivyomo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Tafuta vitu vya makundi mawili, na uepuke vya kundi la tatu.

Kundi la kwanza ni vinavyovuta maji na kuyashika kwenye ngozi: glisirini, ambayo kwenye lebo huandikwa glycerin au glycerol, na urea. Glisirini ikitajwa miongoni mwa vitu vinne vitano vya mwanzo, hiyo ni dalili nzuri. Urea ya asilimia 5 hadi 10 inafaa sana kwa mikono iliyokakamaa, ila inachonyota kwenye michaniko. Kama mikono imechanika, ianze kupona kwanza. Urea ya asilimia 20 na kuendelea ni ya visigino.

Kundi la pili ni vinavyoziba ili maji yasitoke: petrolatum (ndiyo vaselini), paraffin, dimethicone, nta ya nyuki, siagi ya shea. Krimu nzuri ina cha kuvuta na cha kuziba. Ikiwa na kimoja tu, itafanya nusu ya kazi.

Kundi la tatu ni vya kuepuka. Cha kwanza ni harufu, inayoandikwa parfum au fragrance. Najua tunapenda kunukia, na si vibaya, lakini kwenye ngozi iliyochubuka manukato ni miongoni mwa vinavyoleta mzio mara nyingi zaidi. Weka udi na asumini kwenye nguo na nywele. Kingine ni methylisothiazolinone, kihifadhi kinachojulikana kwa kusababisha mzio. Lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, inawafaa wengi, lakini wapo inaowadhuru.

Krimu ya bei kubwa ndiyo bora?

Hapana. Glisirini na petrolatum ni vitu rahisi kupatikana, na bei mara nyingi hulipia kopo na harufu. Ni afadhali krimu ya bei nafuu unayopaka mara sita kwa siku kuliko ya ghali unayoibania.

Nipake kiasi gani, na lini?

Kamua mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka pingili yake ya kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha mkono mmoja, ndani na nje. Mikono miwili ni gramu moja. Ukipaka mara tano kwa siku, tyubu ya gramu 100 itakufikisha siku 20. Ikikaa miezi mitatu, ujue hupaki ya kutosha.

Nyakati ambazo hazifai kukosa: kabla ya zamu, wakati wa mapumziko, baada ya zamu, baada ya kazi za maji nyumbani, na kabla ya kulala. Paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, umeshaifuta kwa kugonga na taulo bila kusugua. Anza na migongo ya mikono, halafu baina ya vidole na kuzunguka kucha. Wengi hupaka viganja tu, ilhali migongo ndiyo inayochanika mwanzo.

## Kazini

Kitakasa mikono kinanichonyota. Niache, nirudi kwenye sabuni?

Usiache. Hili ndilo swali linaloleta madhara makubwa likijibiwa kwa kukisia. Kuchonyota ni dalili kwamba ngozi imeshachanika. Kilichoichana kwa kawaida ni sabuni na maji. Kitakasa chenye alkoholi na glisirini kinaikausha ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una ethanoli ya asilimia 80 na glisirini ya asilimia 1.45, na glisirini imewekwa humo kwa ajili ya kuilinda ngozi. Ikiwa chupa ya wodini ni spiriti tupu bila glisirini, hilo ni jambo la kulizungumza na muuguzi mkuu wa wodi.

Sabuni na maji vinabaki kuwa lazima mikono ikiwa na damu au uchafu unaoonekana, baada ya choo, na panapokuwa na mgonjwa wa kuharisha ambaye vijidudu vyake havifi kwa alkoholi. Nyakati nyingine kitakasa kinatosha: sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe. Kosa lililoenea ni kunawa kwa sabuni na papo hapo kupaka kitakasa juu yake. Ngozi inaumizwa mara mbili kwa faida ya mara moja.

Krimu ikipakwa kwa ratiba iliyotajwa juu, kuchonyota hupungua baada ya siku kadhaa.

Naweza kuvaa glovu juu ya krimu?

Inategemea glovu na krimu. Glovu za lateksi, yaani mpira wa asili, huharibiwa na mafuta: vaselini, paraffin ya maji, mafuta ya nazi. Hudhoofika ndani ya dakika chache na huweza kupasuka bila wewe kuona. Kwa mtu anayechoma sindano au kuzalisha, hilo si jambo dogo. Glovu za nitrili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, huvumilia mafuta zaidi.

Kwa hiyo wakati wa zamu tumia krimu yenye msingi wa maji, iliyonywea kabisa, na uache dakika chache kabla ya kuvaa. Vaselini na mafuta viache nyumbani.

Usivae glovu mikono ikiwa mibichi. Maji yanayobaki ndani, pamoja na jasho la kaskazi, hulainisha ngozi kupita kiasi, na ngozi iliyolowana hivyo huchubuka kwa urahisi kama ngozi kavu. Glovu za unga pia ziepuke, maana unga unakwangua.

Krimu inaweza kuharibu nguvu ya dawa ya kuua vijidudu?

Ndiyo, baadhi yake. Klorheksidini, ile dawa ya kunawia kabla ya upasuaji, hubaki kwenye ngozi na kuendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Baadhi ya viambato vinavyochanganya maji na mafuta katika krimu huizima. Unayefanya kazi tiyeta, tafuta krimu iliyoandikwa kuwa inapatana na klorheksidini, au paka baada ya kazi tu.

Wodini tuna kopo moja la krimu na kila mtu anachota kwa kidole. Kuna ubaya?

Upo mkubwa. Krimu ina maji, na penye maji vijidudu huota. Kidole kimoja kichafu kinatosha kuligeuza kopo zima kuwa chanzo cha maambukizi. Wodini inafaa chupa ya pampu au tyubu. Chupa ya pampu ikiisha, usijazie nyingine juu ya mabaki. Ibadilishwe, au ioshwe na kukaushwa kabisa kwanza. Ukikosa vyote, kila mtu awe na tyubu yake mfukoni.

Na inafaa tuseme wazi: krimu haikupaswa kuwa gharama ya nesi peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unataka wahudumu wapatiwe losheni au krimu ili kupunguza maradhi haya ya ngozi. Likitajwa kwenye kikao cha wodi, litajwe kama hitaji la kuzuia maambukizi, si ombi la vipodozi.

Je, kunawia maji ya klorini?

Klorini ya asilimia 0.5 ni ya vifaa na sakafu. Usitie mikono mitupu humo hata kwa sekunde chache. Unapoosha vifaa vaa glovu nzito za mpira, ndefu zinazofika karibu na kiwiko, na zikaushwe ndani baada ya kutumika.

Ngozi imeharibika chini ya pete tu. Kwa nini?

Sabuni na maji hukwama hapo na havisuuziki. Vua pete kabla ya zamu. Vijidudu nao hujificha mahali hapohapo.

## Vya nyumbani na vya sokoni

Mafuta ya nazi yanatosha?

Kwa usiku, na kwa ngozi kavu isiyochanika, ni mazuri. Hulainisha na kupunguza upotevu wa maji, na tunayapata kwa urahisi, hasa yale ya kukamua nyumbani. Upungufu wake ni kwamba hayana kitu cha kuvuta maji, kwa hiyo yapake juu ya mkono mbichi au juu ya krimu ya glisirini. Kazini hapana, kwa sababu ya glovu. Na chukua chupa isiyotumika jikoni, maana iliyochovywa vijiko hubeba vyakula.

Mafuta ya zaituni, pamoja na heshima yake yote, siyapendekezi kwa ngozi iliyoharibika. Asidi ya oleiki iliyojaa humo hulegeza lile tabaka la kinga badala ya kulijenga.

Na mafuta ya karafuu? Pemba tunayatumia kwa kila kitu.

Kwa mikono iliyochubuka, hapana. Karafuu ni fahari yetu, na mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayotengenezwa Wawi, Pemba, yana kazi nyingi, lakini kiini chake ni eujenoli, kitu kinachounguza ngozi na kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Mdalasini ni mkali vilevile, na mchaichai nao uogope. Sabuni za viungo zinazouzwa Mji Mkongwe zina harufu nzuri, ila zitumieni wenye ngozi nzima. Ninajua mtu atasema bibi yake alipaka karafuu na akapona. Bibi hakuwa akinawa mara arubaini kwa zamu.

Glisirini ya duka la dawa niipake tupu?

Ichanganye na maji, au na marashi ya mawaridi ikiwa hayana manukato yaliyoongezwa: sehemu moja ya glisirini kwa mbili au tatu za maji. Glisirini tupu inanata, na ikikosa maji nje huyavuta kutoka ndani ya ngozi. Changanya kidogo cha siku mbili tatu tu, kwani haina kihifadhi. Kisha ziba juu kwa vaselini. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, glisirini ya maji na vaselini juu yake usiku ni tiba ya gharama ndogo yenye matokeo mazuri kweli.

Vaselini na soksi usiku, inasaidia?

Sana. Paka kwa wingi kwenye mikono yenye unyevu, vaa glovu za pamba au soksi safi, lala. Katika joto la Februari hutavumilia usiku mzima. Saa moja mbele ya feni nayo ni faida.

Nimeuziwa tyubu ndogo dukani, imeniponya kwa siku mbili. Niendelee nayo?

Geuza tyubu usome. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo si krimu ya mikono, ni dawa ya steroidi. Hutuliza haraka kwa sababu inazima uvimbe, lakini haijengi kinga ya ngozi. Ukiitumia kwa wiki nyingi bila uangalizi, ngozi huwa nyembamba, huchanika zaidi, na fangasi huenea chini yake bila kuonekana. Daktari anaweza kukuandikia kwa muda mfupi, na hapo ina manufaa.

Kuna pia mikorogo na krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni. Hizo zimepigwa marufuku, na muuguzi anayezipaka huweza kuzisambaza kwa watoto anaowashika. Ukiwa na shaka na bidhaa, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye kazi ya kuikagua.

## Ibada na desturi

Krimu inazuia udhu?

Kinachozuia ni kitu chenye mwili, tabaka unaloweza kulikwangua, kama nta au rangi ya kucha. Krimu iliyonywea, hata ngozi ikibaki inateleza na maji yakikaa matone matone, haizuii maji kufika. Vaselini nzito iliyoganda juu ya ngozi ifute kwanza. Plasta na bandeji vina hukumu zake. Muulize shekhe wako.

Kwa upande wa ngozi, udhu ni nafasi nzuri. Ni maji bila sabuni, na ukimaliza mikono ina unyevu unaohitajika. Fanya mazoea ya kupaka krimu baada ya kila sala, na ratiba ya siku imekamilika bila kuiwekea saa.

Kupaka krimu kunafunguza, yaani kunabatilisha saumu?

Hapana. Kinachopakwa juu ya ngozi hakifunguzi.

Hina na piko je?

Hina safi ya majani kwa kawaida haidhuru ngozi nzima. Piko ni jambo jingine: mara nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali inayoweza kuleta malengelenge na mzio wa maisha. Ngozi iliyochanika huipitisha kwa wepesi zaidi. Harusi ikiwa karibu, omba hina peke yake.

## Hali ngumu

Nitajuaje kama ni ukavu wa kawaida au mzio?

Ukavu wa kunawa huanza migongoni mwa mikono na baina ya vidole, unachoma zaidi ya kuwasha, na hupata nafuu ukienda likizo. Mzio huwasha sana, hutoa vipovu vidogo au uvimbe, huweza kupanda mpaka mkononi juu, na hurudi kila unapogusa kitu kilekile hata kidogo. Unaoishia sawasawa pale glovu inapoishia, shuku glovu: mara nyingi mzio si wa lateksi yenyewe bali wa kemikali za kutengenezea mpira, na hizo zimo hata katika baadhi ya glovu za nitrili.

Kuwasha kunakozidi usiku, pamoja na vipele baina ya vidole, na watu wa nyumbani nao wanajikuna, huo ni upele. Krimu haitauondoa. Duara lenye magamba kwenye mkono mmoja tu linaweza kuwa fangasi.

Mikono inatoa damu. Niendelee na zamu?

Mchaniko ulio wazi ni mlango wa virusi vya homa ya ini na VVU, na vilevile ni makao ya vijidudu utakavyompelekea mgonjwa. Mdogo ufunike kwa plasta isiyopitisha maji, kisha glovu juu. Ukiwa na michaniko mingi, usaha, au huwezi kunawa vizuri, mwambie kiongozi wako wa zamu na uonwe na daktari. Kuhamishiwa kwa siku chache kwenye kazi isiyo na damu wala maji mengi ni haki yako na ni kinga kwa wagonjwa.

Nina mimba. Kuna krimu nisiyotumia?

Glisirini, urea na vaselini hazina shida. Acha zenye retinoli, na hizo za kung'arisha zilizotajwa juu.

Nimefanya yote kwa mwezi mzima, bado.

Basi rudi kwenye yanayoingia mkononi badala ya krimu. Andika kwa wiki moja kila kinachogusa mikono yako, kazini na nyumbani: sabuni ya vyombo, vitunguu, ndimu, saruji ya ujenzi wa banda, mafuta ya nywele za watoto. Badilisha kimoja kimoja, si vyote pamoja, ili ujue kipi kilichosaidia. Karatasi hiyo ichukue uende nayo kwa daktari wa ngozi, pamoja na kipande cha glovu na tyubu za krimu zenyewe, kwa sababu lebo zitamwambia mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Lakini dalili moja haingoji mwezi wala wiki. Ukivaa glovu za lateksi na ndani ya dakika chache ukatoka mabaka ya kuvimba, macho yakawasha, ukapiga chafya mfululizo au kifua kikabana, vua glovu, nawa, na uhudumiwe hapohapo kama mgonjwa wa dharura. Baada ya hapo usiguse lateksi tena, na iandikwe kwenye kumbukumbu zako za afya, maana siku utakayolazwa wewe kitandani, watakaokuhudumia watavaa glovu hizohizo.